Mwongozo kamili: Kutabiri vifaranga, mapapai na mbuzi pale hesabu ya tatu kwa moja inapokataa

Kila msimu naletewa daftari za namna moja. Mwanafunzi wa kidato cha sita kachora jedwali safi, kapata tatu kwa moja, na jibu si hilo. Mfugaji kutoka Konde kakutanisha jogoo kishingo na tembe kishingo akitaraji banda zima la vishingo, na robo ya vifaranga wametoka na shingo zilizojaa manyoya. Hesabu zao hazina kosa. Walipokosea ni pahala pa kuanzia: wamechora jedwali kabla ya kujua sifa yenyewe inarithiwa kwa njia gani.

Nachukulia unajua jeni ni nini, aleli ni nini, na jedwali la Punnett linachorwaje. Kama hujui, anza huko kisha rudi hapa.

## Utakavyohitaji

- Daftari moja la uzao tu. Usichanganye na la mauzo ya mayai.
- Pete za miguu za rangi kwa kuku, au vipande vya uzi wa rangi.
- Tenga au chumba cha pembeni cha kuwatenga matembe.
- Tochi ya kumulikia mayai.
- Mifuko midogo ya karatasi na uzi, kwa maua ya mpapai. Mfuko wa plastiki usiutumie, ua litaoza kwa joto.
- Kalkuleta, ya simu inatosha.
- Subira. Kuku ni siku 21 tu, lakini mpapai utakungojesha miezi kabla haujakuonesha ua.

## Hatua ya 1: Hakikisha wazazi ndio wazazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi yote.

Kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake. Ukimtoa jogoo leo, tembe ataendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili hivi, mara nyengine hata tatu. Kwa hiyo mtenge tembe wiki tatu nzima kabla ya kumpa jogoo unayemtaka. Mayai ya wiki hizo kula au uza, usiyaatamishe.

Kwa mpapai wenye maua ya jinsia zote mbili, funika ua na mfuko wa karatasi kabla halijafunguka. Litajichavusha lenyewe. Tunda likishashika, toa mfuko na ufunge uzi kwenye kikonyo ili ulijue siku ya kuvuna. Usipofanya hivyo, huna njia ya kujua chavua ilitoka shambani kwako au kwa jirani.

Utajua umefaulu ukiweza kunyoosha kidole kwa kila kifaranga na kusema: baba ni huyu, mama ni yule, na hakuna mwengine anayeweza kuwa.

## Hatua ya 2: Uliza maswali kabla ya kushika kalamu

Angalia wazazi na uzao wa kwanza, kisha jiulize:

Je, kuna sura ya tatu? Kama watoto wana sura ambayo si ya baba wala si ya mama, bali iko katikati, aleli moja haiifuniki nyengine kikamilifu. Zikionekana zote mbili kwa pamoja, kila moja kwa ukamilifu wake, kama kundi la damu la AB kwa watu, zina nguvu sawa. Katika hali zote mbili, ukiwakutanisha hao wenye aleli mbili tofauti wenyewe kwa wenyewe, tarajia 1:2:1.

Je, ukigeuza wazazi, jibu linageuka? Mkutanishe jogoo wa aina ya kwanza na tembe wa aina ya pili, halafu kinyume chake. Majibu yakitofautiana, sifa iko kwenye kromosomu ya jinsi, au inapitia kwa mama peke yake.

Je, kuna waliokosekana? Mayai mengi viza, mbegu zisizoota, au kundi zima ambalo halionekani kamwe. Hapo shuku aleli inayoua ikikutana na mwenzake, na tarajia 2:1.

Je, hakuna makundi kabisa? Uzito wa kuku, urefu wa mnazi, idadi ya mayai: vyote hupanda na kushuka kidogo kidogo bila ngazi. Hizo ni jeni nyingi zikisaidiana, pamoja na chakula na mazingira. Jedwali la Punnett liweke pembeni.

Maswali haya yanajibika kwa macho na daftari. Lakini lazima macho yaangalie pahala penyewe, na hapo ndipo mfugaji wangu wa Konde alipoponyokwa.

## Hatua ya 3: Andika alama zisizodanganya

Wengi wanaandika herufi kubwa na ndogo kwa mazoea, na herufi kubwa inawashawishi kwamba ina nguvu ya kufunika. Kwa sifa za sura ya tatu, andika maelezo kamili mbele ya kila jenotaipu, yaani jozi ya aleli. Kwa kishingo:

- NaNa: shingo tupu kabisa
- Nana: shingo tupu yenye kishada
- nana: shingo yenye manyoya kamili

Kwa sifa za kromosomu ya jinsi, andika kromosomu na aleli juu yake. Na hapa pana kosa ninaloliona karibu kila wiki: mwanafunzi anampa kuku jike XX kama binadamu. Kwa ndege mambo ni kinyume. Jogoo ana ZZ, jike ana ZW. Anayeamua jinsi ya kifaranga ni mama.

## Hatua ya 4: Tabiri, kila njia na hesabu yake

### Kishingo: mnyanyue kifaranga umwangalie chini

Mtu akisimama mlangoni mwa banda anaona vishingo na wasio vishingo, basi. Anahesabu tatu kwa moja na kuridhika. Mkamate kifaranga mmoja mmoja, muweke kiganjani, umwinue kidevu kwa kidole. Mwenye aleli moja ya kishingo (Nana) ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, juu kidogo ya gole. Mwenye aleli mbili (NaNa) hana kitu hapo, au ana vinyoya vya kuhesabika. Kishada hicho ndicho jenotaipu yake, kaivaa shingoni. Huhitaji maabara.

Ukishaviona vishada, hesabu zinajipanga:

- Kishada kwa kishada: robo tupu kabisa, nusu kishada, robo manyoya kamili.
- Tupu kabisa kwa manyoya kamili: wote kishada.
- Kishada kwa manyoya kamili: nusu kwa nusu.

Yule mfugaji alikuwa na jogoo mwenye kishada na tembe mwenye kishada. Robo yenye manyoya ilikuwa imeandikwa shingoni mwa wazazi tangu mwanzo. Anayetaka banda la vishingo watupu achague wasio na kishada kwa pande zote mbili.

### Kidimu: usimuoze kwa mwenzake

Kuku wa manyoya yaliyopinda kwa nje anafuata njia ile ile ya sura ya tatu. Mwenye aleli moja ndiye yule mzuri anayetafutwa. Mwenye aleli mbili manyoya yake ni dhaifu, yanakatika na kumwacha karibu uchi. Ukikutanisha kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga watakuwa hao. Mkutanishe na kuku wa manyoya ya kawaida: nusu vidimu, nusu kawaida, na hakuna wa kunyonyoka.

### Mistari ya kuku wa Plymouth Rock: kumjua jogoo tangu siku ya kwanza

Jeni ya mistari myeupe na myeusi iko kwenye kromosomu Z. Tuiite B, na ile isiyo na mistari b. B inafunika b.

Chukua tembe mwenye mistari (Z-B, W) na jogoo mweusi mtupu (Z-b, Z-b). Tembe ana Z moja tu, na hiyo anawapa watoto wake wa kiume peke yao. Binti zake wanapata W kutoka kwake, na Z kutoka kwa baba. Kwa hiyo:

- Vifaranga wa kiume wote: mistari.
- Vifaranga wa kike wote: weusi.

Siku ya kutotoa mistari bado haijaonekana, lakini kifaranga wa kiume ana doa jeupe kwenye utosi na wa kike hana. Unawatenga siku hiyo hiyo.

Ukigeuza wazazi, jogoo safi mwenye mistari kwa tembe mweusi, wote wanatoka na mistari, na doa halitakutenganishia jinsi kama mwanzo. Onyo: baba asiwe mweupe. Kuna weupe unaofunika rangi zote, na utakuharibia usomaji.

### Mpapai: pale papai moja linapokupa mabustani matatu

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanapoteza mwaka mzima.

Mpapai una aleli tatu za jinsi: M ya dume, Mh ya jinsia mbili, na m. Mimea inayoishi ni ya aina tatu tu:

- Mm: mpapai dume, maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu
- Mhm: mpapai wa jinsia mbili, matunda yake marefu
- mm: mpapai jike, matunda yake ya mviringo

MM, MMh na MhMh hazikui. Mche wowote wenye aleli mbili za herufi kubwa unakufa kabla hujauona. Kwa hiyo kila dume na kila wa jinsia mbili amebeba m moja, na hapo ndipo hesabu zinapogeuka:

- Jinsia mbili ukijichavusha: theluthi mbili jinsia mbili, theluthi moja jike. Hakuna dume.
- Jike kwa jinsia mbili: nusu kwa nusu. Hakuna dume.
- Jike kwa dume: nusu jike, nusu dume.
- Jinsia mbili kwa dume: theluthi kila aina.

Unaponunua papai sokoni Darajani ukakausha mbegu zake, hujui baba ni nani. Papai likiwa la mviringo, mama yake ni jike, na baba anaweza kuwa dume la uani kwa mtu. Likiwa refu, uwezekano mkubwa lilijichavusha, na mche dume utakuwa nadra. Kwa hiyo chagua refu, kama hukufunika ua mwenyewe.

Sasa tumia hesabu kwenye shimo. Miche ya tunda lililojichavusha ina nafasi ya 2/3 kuwa ya jinsia mbili. Ukipanda mche mmoja kwa shimo, theluthi ya mashimo yatakuwa na majike. Ukipanda mitatu, nafasi ya yote mitatu kuwa majike ni 1/3 × 1/3 × 1/3, yaani 1/27. Mashimo 26 kati ya 27 yatakuwa na angalau mche mmoja unaoutaka. Yakitoka maua, bakisha mche mmoja wa jinsia mbili na kata miche myengine. Usikate kabla ya maua eti kwa sababu mche fulani umenona. Mpapai jike nao hunona vizuri tu.

Onyo jengine: mpapai wa jinsia mbili hubadilika na hali ya hewa. Wakati wa joto kali maua yake hugeuka kama ya dume na kuacha kuzaa, halafu yanarudi. Usiuandike kwenye daftari kuwa dume kwa ua moja la kaskazi. Jike habadiliki.

### Miguu mifupi na mayai viza

Ipo jeni ya miguu mifupi sana kwa kuku ambayo aleli moja humfupisha na aleli mbili humuua ndani ya yai siku za mwanzo. Mfupi kwa mfupi: wawili wafupi kwa mmoja mrefu kati ya wanaototolewa, na robo ya mayai hayafiki. Bibi yangu alikuwa akitia kipande cha kaa kwenye kiota radi isiyavize mayai. Kaa halikuwahi kuisaidia robo hiyo. Mulika mayai siku ya saba: ukiona duara la damu badala ya mishipa iliyotapakaa, kiini kilikufa mapema. Wahesabu na hao.

Tahadhari: si kila kuku mfupi ana jeni hii. Kuna ufupi mwengine ulio kwenye kromosomu Z na hauui mtu. Ndiyo maana mayai viza lazima yaandikwe. Bila ya hayo huwezi kutenganisha njia mbili hizi.

### Mbuzi asiyeota pembe

Kutoota pembe kwa mbuzi kunafunika kuota pembe. Lakini mbuzi jike mwenye aleli mbili za kutoota pembe hukua huntha, hazai. Beberu asiye na pembe na jike asiye na pembe, wote wenye aleli moja moja, kwa kila wanambuzi wanane utaraji wanne wa kiume, watatu wa kike na huntha mmoja. Mfugaji anaona madume yamezidi, anadhani ni bahati.

Dawa yake ni rahisi: mmoja wa wazazi awe na pembe. Hakikisha tu kwamba asiye na pembe hakuchomwa akiwa mdogo. Pitisha kidole utosini utafute kovu.

### Yanayopitia kwa mama, na sungura

Kuna mimea ya majani mabaka, kama Mirabilis jalapa, ambayo mabaka yanakwenda na kloroplasti za mama, yaani vichembe vya kijani vilivyomo ndani ya seli. Mbegu za tawi la kijani zinatoa kijani, za tawi jeupe zinatoa miche myeupe inayokufa, za tawi la mabaka zinatoa yote matatu bila uwiano wowote. Chavua imetoka wapi si hoja. Usichore jedwali, angalia tawi.

Sungura wana aleli nne za rangi zilizopangwa kwa daraja: rangi kamili, chinchila, Himalaya, na mweupe kabisa. Kila sungura anabeba mbili tu. Himalaya ana masikio, pua na miguu myeusi kwa sababu rangi inatengenezwa pale mwili unapopoa, basi kwa joto letu usishangae weusi wake ukififia.

### Sifa zisizo na makundi

Mnazi mfupi mwekundu wa Pemba ukikutanishwa na mnazi mrefu, urefu wa watoto utakuwa katikati. Rangi ya kikonyo cha kuti kwenye mche inakusaidia kumjua chotara halisi: kahawia ni chotara, wekundu wa mama ni aliyejichavusha.

Kwa uzito wa kuku tumia hesabu hii: chukua wastani wa kundi, toa kwenye wastani wa wazazi uliowachagua, zidisha tofauti kwa kiwango cha urithi, yaani sehemu ya tofauti hiyo inayorithiwa, kisha jumlisha na wastani wa kundi. Tuseme kundi lina kilo 1.5, wazazi uliowateua wana 1.9, na urithi ni 0.4. Tofauti ni 0.4, mara 0.4 ni 0.16. Tarajia watoto wa kilo 1.66, si 1.9. Kilichobaki kilikuwa chakula na bahati, na hivyo havirithiwi.

## Hatua ya 5: Pima utabiri wako

Kutazama na kusema "inakaribia" hakutoshi. Tumia kai-skwea: kwa kila kundi, toa kinachotarajiwa kwenye kilichoonekana, zidisha tofauti yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa kinachotarajiwa, kisha jumlisha yote. Makundi mawili: kikomo ni 3.84. Matatu: 5.99. Manne: 7.81. Ukivuka kikomo, njia uliyodhani pengine si yenyewe.

Mfano wa vifaranga 32 kutoka kishada kwa kishada: watupu 5, vishada 18, manyoya kamili 9. Ulitarajia 8, 16 na 8. Hesabu: 9/8 + 4/16 + 1/8 = 1.5. Uko ndani.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Miche 60 ya papai lililojichavusha: 38 jinsia mbili, 22 jike. Mwanafunzi wa tatu kwa moja anatarajia 45 na 15: anapata 49/45 + 49/15, karibu 4.36. Amevuka. Anayetarajia mbili kwa moja ana 40 na 20: 4/40 + 4/20 = 0.3. Huyu ndiye.

Lakini kwa miche 12, utabiri wa kwanza ni 9 na 3, wa pili ni 8 na 4. Hakuna hesabu duniani itakayowatenganisha hao. Ukitaka kutofautisha 3:1 na 2:1, kusanya uzao kutoka mitago kadhaa ya wazazi wale wale, ufike makumi mengi, hata mamia.

## Hatua ya 6: Ikikataa

Anza na daftari, si na nadharia. Je, tembe alitengwa wiki tatu? Mayai viza yamehesabiwa? Kuna kifaranga aliyeliwa na mwewe kabla hujamkagua shingo?

Daftari likiwa safi na hesabu bado inakataa, rudi Hatua ya 2 ujibu swali la kugeuza wazazi, ambalo wengi hulijibu kwa kukisia. Geuza kweli: jogoo wa huku, tembe wa kule, wiki tatu za kutenga, siku 21 za kuatamia. Mfugaji wa Konde alipofanya hivyo kwa kuku wake wa mistari alikuja na vifaranga 14 kwenye kapu, akawapanga sakafuni kwangu mistari miwili, wenye doa utosini huku na wasio nalo kule, na kabla sijafungua mdomo akaniambia saba hawa atawauza Idi.